Neti Moja, Matangi Mawili

...na kwenye skrini mstari wa maji matupu, yasiyo na sampuli, umelala chini kabisa, hauinuki, nilimwambia Profesa tangu juzi kwamba mikono yangu ni misafi, uchafu haujaingilia humu maabara, mashine ya kupima jeni iko mzunguko wa ishirini na mbili kati ya arobaini na jeni yangu inapanda, yangu, ndiyo, nasema kwa raha zangu, miaka mitatu nimeitafuta ndani ya kambale huyu asiye na magamba wala haya, nikaisoma herufi kwa herufi mpaka nikajua inatengeneza kipokezi kinachokaa juu ya seli kama bawabu, kichwa nje kinapapasa bakteria, mkia ndani unaamsha kinga yote ya mwili, na kambale wagonjwa, wale tuliowaambukiza, wanapanda vilevile nilivyosema watapanda... ila wazima nao wanapanda, wanawafuata kwa karibu, mara ya pili hii, na wazima walitakiwa watulie, ndiyo maana Profesa amemsimamisha fundi wa matangi hapo nje ya mlango, "Neti uliosha na dawa?" "Niliosha, Profesa, kama siku zote," sauti ya chini, mkataba wake unaisha mwezi huu, na jana ni mimi niliyesema labda matangi hayatunzwi vizuri, labda, nikatupa kineno hicho nikaenda zangu kunywa chai... jeni haina kosa, hilo naliwekea shingo, kwa hiyo kosa liko kwenye samaki, siku ile ya kuwapima uzito, kesho yake ndipo tulipowapasua, simu ilikuwa begani, mama anasema, "Mwanao anachemka, njoo mapema," na fundi kasimama pembeni, "Dada, nikushikie neti?" nikamwambia nenda tu, nitamaliza mwenyewe, kanuni mimi ndiye niliyeiandika nikaibandika ukutani, wazima kwanza, wagonjwa mwisho, kila tangi na neti yake, lakini wagonjwa ndio walio karibu na mlango na mimi nilitaka kumaliza nikamwone mwanangu, nikaanza nao, halafu... halafu nakumbuka maji yakinichuruzika mpaka kwenye kiwiko, hayakukatika, sikuiweka chini ile neti, sikuchukua nyingine, niliichovya vilevile mbichi kwa wazima, hee, mimi mwenyewe, na yeye aliosha kweli, aliosha nilichomwachia... basi wale hawakuwa wazima, bakteria walishawafikia, na jeni yangu ilijua ndani ya siku moja, ilijua kabla ya Profesa, kabla yangu, mjanja wee, natamani kucheka na uso unanichoma kwa aibu, wiki sita za kazi ni za kutupa, samaki wapya, kila kitu upya, sawa, nitarudia, hilo haliniumizi, kinachoniuma ni ile labda, nimeitupa kwa mtu anayenisalimia kila asubuhi na kuniulizia homa ya mwanangu... Profesa atanuna, anune, jeni ni nzuri na nitaisimamia mbele ya yeyote, na neti nitaisimamia pia, mashine inasema ishirini na tatu, nje anamuuliza tena, "Una uhakika?" mwenye uhakika ni mimi, nimeshashika kitasa.