Bodi Iliyokuwa Kwenye Boksi la Viatu

Ujumbe wa Leota Faleafa uliingia Jumanne asubuhi, Marnie Vlahos akiwa amesimama jikoni kwake Adelaide anapaka Vegemite kwenye mkate. Aliusoma kwenye simu mpaka mwisho, akaurudia, kisha akauacha mkate pale pale, kisu kimelala juu yake.

Leota alikuwa fundi wa vipimo vya mito huko Upolu, Samoa. Alianza kwa kuomba radhi kwa kuwasumbua watu wenye kazi nyingi. Vipimo vyake kumi na vinne, alieleza, vilikuwa vikitoa namba ile ile wiki nenda wiki rudi, kana kwamba mito imesimama. Alidhani vihisi vimekufa. Alibadilisha tisa, vinne kati yake vikiwa milimani kusikofika gari, akavibeba mgongoni na goti lake bovu. Vipya navyo vikafanya vile vile. Mwishowe alikirudisha kiini cha zamani, ile programu ya ndani aliyokuwa ameisasisha, kwenye kipimo kimoja, kikazinduka.

"Sikukishuku kiini mapema," aliandika, "kwa sababu kiraka cha saa kina mstari unaosema kimejaribiwa kwenye bodi kama hizi zetu. Nikajua basi ubovu uko kwangu. Namshukuru Mungu bado ni kiangazi, mafuriko hayajaanza."

Kiraka kilikuwa cha Marnie. Mstari ule pia ulikuwa wake, na ulikuwa uongo.

Kiini ndicho sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, ile inayoamrisha mashine yenyewe, iwe kompyuta ya mezani au bodi, yaani kile kikompyuta kilichomo ndani ya kipimo. Wanaokitunza wametawanyika ulimwenguni, wengi hawajawahi kuonana. Hutumiana mabadiliko, yaani viraka, kwa orodha moja ya barua pepe ambayo yeyote anaweza kuisoma. Chini ya kila kiraka huwa kuna mistari michache: nani amekiandika, nani amekisoma, nani amekijaribu kwenye mashine halisi. Hakuna mhuri wala mkaguzi. Jina la mtu linatosha, na ndiyo maana Marnie, alipomaliza chuo, aliipenda kazi hii kuliko zote. Aliamini kwamba amepata mahali ambapo watu wasiojuana huaminiana bila kulazimishwa.

Na kiraka kilikuwa kizuri. Hilo ndilo lililomuuma. Programu ikitaka kusubiri, hutaja milisekunde, na kiini huzigeuza kuwa midundo ya saa ya mashine. Hesabu hiyo ilikuwa ikifanywa upya kila mara, hata pale ambapo namba imeandikwa na mtu na haitabadilika kamwe. Kwa nini mashine ihesabu mara milioni jambo linalojulikana kabla haijawashwa? Marnie akaiachia kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya binadamu kuwa lugha ya mashine, ipige hesabu mara moja, mapema, na kubakiza jibu tu. Alihangaika nacho wiki tatu. Kwenye kompyuta yake kila kitu kilikwenda sawasawa.

Denzil Tregenza, fundi simu mstaafu wa Wallaroo aliyeitunza sehemu ya saa kwa miaka kumi na tisa, alikipenda. Aliuliza swali moja: rafiki yangu, umekijaribu kwenye zile bodi za kizamani, zenye midundo mia kwa sekunde? Marnie alikuwa nayo bodi ya namna hiyo. Ilikuwa kabatini, kwenye boksi la viatu, haina waya wa umeme. Ilikuwa Ijumaa, muda wa kupokea viraka ulikuwa unaisha Jumapili, na hesabu ni hesabu, alijiambia. Akaandika kwamba amekijaribu, akatia jina lake.

Sasa, kabla ya saa sita mchana, Denzil alikuwa ameshamjibu Leota kwenye orodha, mbele ya wote. Kosa ni langu, aliandika, mimi ndiye niliyekipokea. Kisha akamgeukia Marnie kwa upole wake wa siku zote. Kwako kilifanya kazi, alisema, kwa hiyo huenda bodi yako ni ya toleo jingine. Tuambie ni lipi, itatusaidia kuelewa.

Marnie aliutazama mlango huo aliofunguliwa. Angetaja toleo lolote, basi. Hakuna ambaye angekuja Adelaide kufungua kabati lake.

Alitoka, akaenda kununua waya.

Alipoiwasha ile bodi, jaribio lilianguka hata kabla ya sekunde tano. Milisekunde kumi na tano, kwenye mashine inayodunda kila baada ya milisekunde kumi, ni mdundo mmoja na nusu. Hesabu ya zamani iliipandisha ile nusu, ikawa midundo miwili. Yake iliitupa. Kihisi cha Leota hupiga sauti kuelekea maji na kusubiri mwangwi. Kiini cha Marnie kilikuwa kikiondoka mwangwi haujarudi, kikiokota namba ya zamani iliyobaki pale. Kompyuta yake yenye midundo elfu isingeonyesha hilo hata kwa mwaka mzima. Bodi ingelionyesha Ijumaa ile ile.

Alikaa sakafuni, boksi mapajani, akafikiria goti la Leota. Wakati anaandika ule mstari, hakuwa amefikiria goti la mtu yeyote.

Akampigia Denzil.

"Aha," Denzil alisema. "Umepiga kunipa pole timu yangu kufungwa jana, au kunicheka?"

"Denzil, sikuijaribu."

"Hukujaribu nini?"

"Bodi. Sikuiwasha kabisa. Niliandika tu."

Birika lilikuwa linachemka upande wa pili. Alilisikia likichemka mpaka likajizima.

"Kuna jamaa wa Ujerumani ameniandikia sasa hivi," Denzil alisema. "Anadai vijana siku hizi hawajaribu vitu. Nimemwambia anyamaze, huyu namjua mimi."

"Naomba unisamehe."

"Usiniombe mimi, Marnie. Mimi sikupanda mlima."

Hakumwita rafiki yangu. Alikata simu taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Marnie aliandika barua ya orodha mara tatu kabla ya kuituma. Ya kwanza ilikuwa na kisingizio cha Ijumaa ndani yake, na cha waya. Ya pili ilikuwa na cha waya tu. Alifuta vyote, zikabaki sentensi chache: hakukijaribu kiraka kwenye bodi, aliandika kuwa amekijaribu, Leota alipoteza wiki zake kwa sababu aliuamini mstari huo, na anamwomba radhi. Alipoituma uso ulimwaka moto ingawa alikuwa peke yake nyumbani.

Kesho yake alituma kiraka kipya kinachopandisha nusu, pamoja na matokeo yote ya bodi. Denzil alijibu kwamba kwa sasa hawezi kupokea mstari wake wa majaribio. Anasubiri wa Leota. Hakukuwa na hasira ndani yake. Ndivyo mtu anavyosema duka limefungwa.

Kwa hiyo neno la Marnie halikutosha tena, na mwenye goti bovu alitakiwa kwenda kulisemea. Siku nane mfululizo, kabla hata ya kunawa uso, Marnie aliangalia hali ya hewa ya Upolu.

Siku ya tisa Leota aliandika. Mito ya chini haikuwa imepanda wala kushuka, isingethibitisha kitu, kwa hiyo alipanda kule kulikonyesha. Sentimita arobaini na moja. Saa moja baadaye, arobaini na nne. Kisha arobaini na tisa. Namba zinatembea, aliandika, na chini yake akaweka mstari: kimejaribiwa na Leota Faleafa. Denzil alikipokea mchana ule.

Kulikuwa na nyongeza. "Marnie, nina vihisi tisa kwenye ndoo, nilivitoa nikidhani vibovu. Kama unajua namna ya kuvipima hapa karakanani bila kuvipandisha tena mlimani, niandikie hatua zake."

Hakusema amesamehe. Marnie aliusoma ujumbe huo akitafuta ndani yake hasira au msamaha, asivipate. Bodi ilikuwa mezani sasa, taa yake ndogo ya kijani inawaka. Aliunganisha kihisi alichonunua, akafanya kazi mpaka jioni, ndipo akaandika hatua nne.

Juu kabisa, kabla ya salamu, aliweka hivi: "Hatua ya kwanza hadi ya tatu nimezijaribu mwenyewe leo, kwenye bodi kama yako. Ya nne bado sijaijaribu."