Mpaka Katikati ya Godoro

Jumapili mchana, baada ya kushiba mtori, Aikande alijinyoosha kitandani akaota kwamba mpaka wa nchi umehamishiwa katikati ya godoro lake.

Alikuwa na siku tatu hajalala usingizi wa maana. Alhamisi muuguzi wa kliniki alimwambia kipimo cha mlango wa kizazi kimeonyesha kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Alimweleza pia kwamba hakuona dalili mbaya, kwamba mara nyingi mwili humfukuza mgeni huyo wenyewe, na kwamba arudi baada ya mwaka. Aikande alisikia nusu tu. Nusu nyingine ilimezwa na maswali: miaka kumi na tisa ya ndoa na Elinami, nani kamletea mwenzake? Na akipona, si mumewe atamrudishia? Nyumbani hakusema neno.

Sasa yuko upande wa ukutani, ndiko kwake. Mumewe yuko upande wa dirishani, ng'ambo. Katikati kuna kizuizi cha bomba na foleni ya malori. Afisa wa mpakani ni mto wa kulalia, amevaa foronya iliyonyooshwa kwa pasi.

"Umebeba nini?" mto unauliza.

Aikande anasema hakubeba kitu. Hapo hapo, kutoka kwenye pindo la kitenge chake, anashuka kizee kifupi chenye koti, kinaamkia foleni nzima.

"Kanibeba mimi," kinasema.

Mto unakagua pasipoti yake. Ina mihuri ya pande zote mbili, wa Aikande na wa Elinami, ila tarehe zimefutika. Kinaulizwa kilianzia wapi. Kinajibu kwamba kwa kweli hakijui. Chenyewe huweza kulala kimya miaka mingi. Huenda kiliingia na mmoja wao hata kabla hawajajuana.

"Basi hakuna wa kushtakiwa," mto unasema, ukiandika.

Aikande anauliza la pili: kikitoka kwake, si kitavuka ng'ambo, kesho kirudi?

Nyuma ya mto wanatokea askari wa mwili wake, akina mama kumi na wawili wenye sare za kwaya na virungu. Kiongozi wao anamtuliza. Sura hii wanaijua, na wenzao wa ng'ambo wanaijua. Kwa kawaida sura ileile haiwasumbui wanandoa kwa kwenda na kurudi. Wanaokodolewa macho ni wageni wapya.

Wanakinyanyua kizee kwapani, huku na huku, wanaondoka nacho wakiimba sauti nne. Kizee kinaimba besi, tena vizuri. Madereva wa malori wanapiga makofi, na Aikande anacheka mpaka mbavu zinamuuma.

"Mwakani uje tukukague tena," mto unasema. "Na hapa hapiti mtu kabla hajamwambia wa ng'ambo alichobeba."

Akaamka, bado anacheka.

Sebuleni, Elinami alikuwa amesinzia kwenye kochi, redio ikisoma matangazo ya vifo. Aliposikia hatua za mkewe akafumbua jicho moja.

"Mama Aneth, nimekusikia ukibishana na watu wa mpakani usingizini. Wamekuruhusu kupita?"

Aikande akasogea hadi kwenye kochi.

"Bado, Baba Aneth. Wanataka nikwambie kwanza."

Elinami akazima redio, akakunja miguu kumpisha. Aikande akaketi, akaanzia Alhamisi.