Kifungu cha Kumuuguza Burgl

Daktari Haslbeck alikuwa akisoma mbio. Udaktari wake ni wa sheria, si wa sindano; yeye huandika hati na kuzithibitisha, na sheria inamlazimisha azisome kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya wanaotia sahihi. Basi husoma kama mtu anayewahi treni, na wanaotakiwa kusikiliza hawasikilizi. Korbinian alikuwa akitazama dirishani, roho yake iko kwenye nyasi alizozikata jana na wingu lililokuwa likijikusanya juu yake. Mkewe Meike, mkunga, alikuwa ametoka kuzalisha pacha asubuhi ile na macho yalikuwa yakijifumba yenyewe.

Aliyekuwa macho ni mmoja tu: Burgl, miaka sabini na saba, mwenye shamba. Amechana nywele, amevaa koti lake la Pasaka, masikio kayasimamisha.

Leo alikuwa anamkabidhi mwanawe shamba. Kwa desturi ya bonde lao la Rottal, mzee akikabidhi shamba hujiwekea fungu lake katika hati: chumba cha kuishi mpaka afe, kuni, mayai, viazi. Hayo yote yalisomwa yakapita. Kikafika kifungu cha sita.

"Mpokeaji na mkewe watamtunza na kumuuguza mkabidhi nyumbani siku zote za maisha yake usiku na mchana bila malipo kifungu cha saba..."

"Ngoja hapo," akasema Burgl. "Hicho cha sita kifute."

Korbinian akageuka kutoka dirishani. "Mama, unasemaje?"

"Nasema kifutwe. Kwani Kijerumani changu kimeharibika?"

"Mama, kifungu hicho kimo tangu enzi za babu! Mimi mwenyewe nilimletea Daktari hati ya zamani ainakili."

"Najua. Rasimu ilipokuja kwa posta niliisoma kwa miwani na kwa kioo cha kukuzia. Nikanyamaza. Ningesema nyumbani, ungenizungusha mpaka Krismasi."

Na huyu mama alikuwa na sababu. Mwaka 1973 alikaa katika ofisi kama hii, bibi harusi wa miezi miwili, ana nafasi yake tayari katika chuo cha ushonaji Landshut. Mwanasheria wa siku zile naye alisoma mbio. Burgl alikuwa akiwaza vitambaa. Akaambiwa weka jina hapa, akaweka. Mama mkwe alipopooza ndipo mumewe alipomwonyesha kifungu kile, na Landshut ikafa siku hiyohiyo. Miaka kumi na mmoja! Kugeuza, kuosha, kulisha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Burgl alikilalia.

"Watu watasema nini?" Korbinian alikuwa amepandwa na damu usoni. "Kwamba nimechukua shamba, mama nimemtupa kwenye nyumba ya wazee!"

"Watasema. Wana midomo, wewe una ng'ombe, kila mtu ashughulike na chake. Nimekwisha kwenda kwa masista kule Eggenfelden, nimejiandikisha, nimeonja na supu yao. Chumvi kidogo, lakini inalika. Kodi ya ule msitu wa juu niliojibakizia italipa sehemu yangu, na pensheni italipa iliyobaki. Daktari anayo barua yangu."

"Ninayo," akasema Haslbeck, na kwa mara ya kwanza alisema polepole.

Wote walidhani Meike atashusha pumzi. Hakushusha. Usingizi ulikuwa umemtoka kabisa, na machozi yalikuwa yakimlenga.

"Mama," akasema, "mimi nimekukosea nini? Kutwa nawashika wake za watu, wengine hata majina siyajui. Wewe ndiye usitake nikushike?"

Hilo lilimchoma Burgl, maana alimpenda huyu msichana wa kaskazini kuliko alivyowahi kumwambia. Akasogeza kiti.

"Njoo nikwambie ukweli, mwanangu. Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mwema. Nilikuja kumchukia. Naye alinichukia mimi, kwa sababu nilimwona kila kitu. Tulichukiana kwa adabu, kila siku 'tafadhali' na 'ahsante'. Alipokufa nilikula keki vipande vitatu, naona aibu mpaka leo. Wewe sitaki ufike huko. Nataka uje Jumapili na keki, unisimulie nani kazaa nini, halafu uende zako kazini."

Meike alifuta macho kwa kiganja.

"Lakini usidhani nakuachia bure," Burgl akaendelea. "Daktari, toa ile karatasi ya pili."

Ilikuwa hati ya uwakilishi, ya ukurasa mmoja na nusu: siku Burgl asipoweza tena kusema mwenyewe, nani atasema na madaktari kwa niaba yake. Haslbeck aliisoma taratibu, na jina lililotajwa ni la Meike.

"Mimi je?" Korbinian akasimama. "Mimi si mwanao?"

"Mwanangu wa pekee, tena roho laini. Mbwa wetu alipougua ulimlisha kwa kijiko wiki tatu, anateseka, nawe huwezi kumwachia afe. Ukiniona na bomba puani, utanishikilia miaka miwili. Meike ameona watu wakija duniani na wengine wakigoma kubaki. Yeye atajua saa ya kusema basi." Akamgeukia Meike. "Mikono yako sitaki. Nataka mdomo wako. Lakini mimi sikuulizwa, wewe nakuuliza. Utakubali?"

Meike aliivuta karatasi karibu, akausoma mstari wenye jina lake. Kisha akasema, "Nitakubali. Ila siku nitakayosema basi, Korbi atanichukia. Hicho ndicho ninachokiogopa."

Burgl alimtazama mwanawe. Hakumsaidia kwa neno wala kwa kope.

Yule mwanamume mkubwa, anayembeba ndama begani, alikuwa analia bila kujificha. Akamshika mkewe mkono juu ya meza. "Sitakuchukia," akasema. "Nitalia, nitapiga milango. Kukuchukia, hapana."

Haslbeck akakohoa. "Samahani, hilo siwezi kuliandika kwenye hati."

"Nani kakwambia uandike?" akasema Burgl. "Weka kalamu chini, wewe sikia tu. Korbi, sema tena."

Haslbeck akaweka kalamu chini, na Korbinian akasema tena.