Bawa la Amani

Ufalme wa Matagaa ulisifika kwa adabu. Kila asubuhi Kasuku, Waziri wa Maadili, alipanda tawi la juu la mvule wa kifalme na kutangaza sheria ambayo hata makinda waliijua kwa moyo: hakuna ruhusa kugusa unyoya wa mwenzako bila ridhaa yake. Aliitangaza kwa mikogo na sauti tamu, na wageni kutoka falme nyingine waliondoka wakisema kwamba hapa ndipo mahali pa mtoto wa kike kufanya kazi. Hawakukaa hadi mchana, hao wageni.

Mnana alifanya kazi humo ikuluni. Alikuwa ndege mdogo wa manjano, mjane, msusi wa kiota cha Mfalme Tai, kiota kilichofumuka kila mara kwa sababu Mfalme alikuwa mzito na alipenda kujigeuzageuza. Ujira wake ulikuwa tawi la kulelea watoto kwenye mvule ule, ambao nyoka hawakuthubutu kuupanda. Alikuwa na makinda wawili wasiojua bado kuruka. Aliyeacha kazi aliacha na tawi, akaenda kuishi vichakani, na huko nyoka walikuwa tele.

Msimamizi wa wasusi alikuwa Korongo, bwana mwenye miguu mirefu na maneno laini. Kazi yake ilikuwa kukagua usukaji. Alikagua kwa mdomo, akianzia kwenye majani, akipitia ukingo wa kiota, na ukaguzi ulipokwisha mdomo ulikuwa shingoni mwa msusi.

"Mbona unashtuka, binti?" alimwambia Mnana. "Nakagua tu."

Siku nyingine alimfunika kwa bawa kwenye pembe ya chumba, akamng'oa unyoya wa kifuani, akauchomeka kwenye kishungi chake. "Tawi lako zuri sana," alisema. "Usinifanye nikusahau wakati wa kugawa matawi." Mnana alijiona mchafu mwili mzima. Alienda kuoga mtoni mpaka manyoya yakalowa asiweze kuruka, na bado hakutakata.

Akaenda kwa Kasuku.

"Karibu, dada yangu, karibu. Una hakika haukuwa upepo?"

"Upepo hauna mdomo, Mheshimiwa."

"Aa, usikasirike. Lakini Bwana Korongo kaumbwa na mdomo mrefu. Mdomo huo unaweza kumponyoka, akagusa bila kukusudia."

"Amening'oa unyoya. Anauvaa kichwani!"

Kasuku alikohoa. Ikulu nzima ilikuwa imeuona unyoya ule wa manjano, na wengine walikuwa wamemsifu Korongo kwamba unampendeza.

Shauri likapelekwa barazani. Mnana aliomba jambo moja tu, Korongo aondolewe kwenye chumba cha wasusi. Akamtazama Njiwa, msusi mkongwe, ambaye ndiye aliyemwonya siku ya kwanza kazini asibaki peke yake na yule bwana.

"Njiwa," aliuliza Mfalme, "umewahi kuona lolote?"

"Sijaona, Mtukufu. Mimi nikisuka huinamisha kichwa."

Korongo akasimama, mnyenyekevu kweli kweli. "Mtukufu, hata mimi nina mabinti. Kama nimemkwaza mtoto huyu, niko tayari kwa Bawa la Amani."

Baraza zima likashusha pumzi. Hiyo ilikuwa desturi ya kale, na ndege wa Matagaa waliionea fahari kuliko mvule wenyewe. Mshtakiwa humfunika mlalamikaji kwa bawa lake mbele ya watu wote, na mlalamikaji, akiwa humo chini, husema "nimeridhika". Hapo shauri hufa, na kulitaja tena ni kosa. Ilibuniwa kwa ajili ya majogoo waliogombania mtama, na kwa majogoo ilifaa sana.

"Lakini Mtukufu," alisema Mnana, "bawa hilohilo ndilo ninalolilalamikia!"

Wajumbe wakaangua kicheko. Mfalme hakucheka. Alimtazama Mnana kwa mshangao wa kweli, maana hakuwahi kuona mtu akipewa amani akaikataa.

Kasuku alimwinamia. "Dada yangu, asiyetaka amani hawezi kukaa kwenye mti wa Mfalme. Fikiria watoto."

Aliwafikiria. Kisha akapiga hatua, akaingia chini ya bawa. Kulikuwa na giza na harufu ya tope. Mdomo ukashuka polepole mpaka shingoni, palepale pa siku zote.

"Unaona?" Korongo alimnong'oneza. "Leo umekuja kwa miguu yako."

"Nimeridhika," alisema Mnana.

Baraza lilishangilia mpaka matawi yakatikisika.

Nje alimkabili Njiwa. "Ulijua, dada! Ulijua yote!"

"Nilijua. Hata mimi nilifunikwa, mdogo wangu, nikiwa kigori. Ningekutetea, ningekuwa nimelitaja tena shauri langu."

"Sasa unafanyaje?"

"Nasuka," alisema Njiwa, akaenda zake.

Alasiri Korongo alifika kwenye tawi la Mnana kumpongeza kwa moyo wake wa kusamehe. Akachungulia kiotani. "Huyu wa kike mabawa yake yanakuja vizuri," alisema. "Akikomaa nitamfundisha kazi mimi mwenyewe."

Mnana alimchukia siku hiyo kuliko siku zote, na akamwogopa zaidi. Korongo alipoondoka tu, aliwatoa makinda kiotani, manyoya yao hayajatimia, akawateremsha tawi kwa tawi, wakianguka na kulia, hadi chini.

Asubuhi, baada ya sheria, Kasuku alitangaza kwamba Mnana ameacha kazi kwa hiari yake ili ashughulikie familia, na kwamba malalamiko yote ya ikulu yamemalizwa kwa amani. Wageni walifurahi. Nafasi ilijazwa kabla jua halijapanda, kwa kuwa wasusi wenye makinda walikuwa wengi, na tawi kweli lilikuwa zuri.

Vichakani Mnana alikaa mlangoni mwa kiota alichokisuka harakaharaka, watoto wamejibana nyuma yake, akisikiliza majani makavu yakichakarika. Aliogopa, wala hakujidanganya kuhusu mwisho wao. Lakini nyoka akija atakuja kama nyoka, na hatamtaka kwanza aseme ameridhika.