Baiskeli ya Baba Maryam

Pili alikuwa amechoka, na uchovu wake haukuwa ule wa kulala ukaamka umekwisha. Hitma ya arobaini ya mumewe ilikuwa imesomwa, pilau limeliwa, lakini wageni waliotoka Masasi hawakuonyesha dalili ya kunyanyuka, maana kazi iliyowaleta ilikuwa bado. Walikuja kumrithisha mtu jina la marehemu.

Katika ukoo ule wa Mnyambe, jina la mtu mzima halizikwi. Hutafutwa mtoto wa dada yake, akakalishwa mkekani, akapakwa unga kichwani, na tangu hapo akaitwa kwa jina la mjomba, navyo vitu vya mjomba vikamfuata. Safari hii aliyekalishwa ni Hamudi wa Lisekese, kijana mpole, muuza mitumba. Akapewa jina la Salmini, yule ambaye Pili alizoea kumwita Baba Maryam. Akapewa panga, kanzu na redio. Kisha Shakila, mama yake Hamudi na dada wa marehemu, akanyoosha kidole ukutani.

"Na baiskeli."

Hapo Pili akainua kichwa. Vingine vyote wangechukua, hata hiyo kanzu iliyokuwa bado na harufu ya mwenyewe. Lakini bila baiskeli, maji ya nyumba ile yangetoka bombani juu ya kichwa chake, na shingo yake haikuwa tena ya kazi hiyo.

"Wifi, baiskeli ya marehemu haipo," alisema. "Rimu nilinunua mimi, kwa korosho zangu. Cheni mimi, usukani mimi, siti mimi. Mwaka jana fremu ilikatika, nikaifuata nyingine mpaka Masasi. Hata kengele si yake. Yeye alikuwa wa kuendesha tu. Mwiteni fundi mumuulize."

Wazee wakatazamana. Maneno yalikuwa na uzito. Lakini Shakila, mwanamke asiyekubali kushindwa hata na mvua, akacheka.

"Juzi tulipofika, pale bombani uligombana na watu. Ulisema, nani kagusa baiskeli ya Baba Maryam? Nilikuwepo, wifi. Hukusema yako."

Watu wakaangua kicheko. Mdomo uliponza kichwa! Wazee wakakata shauri kwamba kitu hufuata jina lake, si vyuma vyake, na Pili hakuwa na nguvu za kushindana na ndevu zote zile. Alishikwa na hasira, ile hasira ya mtu aliyechoka, isiyopiga kelele.

"Haya," alisema, akamgeukia Hamudi. "Baiskeli imebadilika yote ila jina, mmesema ni ileile. Na wewe umebadilika wote ila jina, basi ni yuleyule. Karibu nyumbani, Baba Maryam. Mtungi mtupu. Tangu uliponioa, ukiwa mzima hukuniacha niteke maji."

Hakucheka mtu. Hamudi alisimama, akajifuta unga usoni, akafunga madumu kwenye keria, akaondoka.

Alikawia. Pili akaenda uani kuosha masufuria ya shughuli, na kazi ikamsahaulisha kidogo, kama inavyomsahaulisha mtu yeyote mikono ikiwa majini. Breki zikalia nyuma yake, madumu yakatua chini.

"Mbona umekawia hivyo, Baba Maryam?" aliuliza bila kugeuka.

"Foleni," sauti ikajibu.

Lilikuwa jibu la marehemu la miaka yote. Pili akageuka, akauona uso wa yule kijana unatiririka jasho, ndipo akayasikia maneno aliyoyasema mwenyewe. Akaketi palepale kwenye tope la maji ya vyombo. Akalia kilio ambacho msibani kiligoma kutoka, akalia mbele ya wakwe bila haya.

Shakila alikuja mbio, akachuchumaa, akamshika bega.

"Basi, wifi yangu, basi," alisema. "Baiskeli itabaki kwako."

Lakini Pili hakuwa akililia baiskeli.