Kisogo cha Jumapili

...na swali lenyewe dogo, maneno mawili tu, nikate vipi, swali ambalo hata mtoto wa chekechea angelijibu huku analamba pipi, lakini Injinia amekaa kwenye kiti cha watu, kitambaa cheusi kimemkaba shingoni, mikono imefichwa chini yake kama ya mtu aliyekamatwa, na jibu hana, yeye ambaye kwa wiki saba ameuweka mji huu mfukoni, anayejua kwamba basi namba nane linazunguka weee lakini linafika, na la kumi na nne linanyooka vizuri kisha linakutupa mtoni, anayejua kuna hatua mia sita na kumi na mbili kutoka mlango wa hosteli hadi mlango wa darasa, kazihesabu, mwanafunzi wa uhandisi asiyehesabu hatua anahesabu nini, anayejua njia ya kupita chini ya stesheni mvua ikinyesha, na ghorofa ya tatu ya maktaba ndiyo yenye joto, na yule mama wa dirisha la usajili ukianza na salamu anatabasamu, ukianza na shida zako anafunga dirisha, wageni wenzake wanamfuata nyuma kama vifaranga, Injinia benki iko wapi, Injinia sabuni wanauza wapi, naye anaonyesha kwa kidole bila hata kusimama, leo anaulizwa habari ya kichwa chake mwenyewe... "Nikate vipi, kaka?" kinyozi anarudia, mwanamke wa rika la dada yake, miwani ameipandisha juu ya paji la uso, mashine mkononi, hajaiwasha bado, anasubiri, na ana subira huyu, lakini subira ya mtu mwenye wateja wawili kwenye benchi ina mwisho wake, na Injinia anakohoa kidogo, anajifanya anafikiri, kama kwamba ana mitindo sita kichwani na kazi ni kuchagua tu, kumbe hana hata mmoja, kwa sababu miaka ishirini na mmoja kichwa hiki hakijawahi kuulizwa kitu, kichwa cha mtoto wa kinyozi ni mali ya kinyozi, Baba anaita, wewe, njoo, unakwenda, unakaa, unainama, ukitikisika unapigwa kichana cha utosi, hakuna cha vipi wala nini, na kile kiti cha Baba hata hakitazami kioo, kinatazama mlango, hiyo ndiyo sheria ya kazi yake, mteja haoni kioo mpaka kazi iishe, mtu akijitazama, Baba husema, ataanza punguza hapa, acha pale, kama vile mashine kashika yeye, basi unakaa unahesabu wapita njia, na kazi ikiisha Baba anakizungusha kiti mara moja, vuu, haya, jione, na watu wazima na heshima zao hujikuta wanacheka peke yao mbele ya kioo.

Hapa kioo kimeanzia sakafuni kimeishia darini, hakuna pa kukimbilia, Injinia anamtazama Injinia, nywele zimesimama huku na huku, nywele zake hukua kama zinalipwa mshahara, na ndizo zilizomponza Alhamisi pale kwenye ujenzi wa daraja, helmeti imekaa juu kama sufuria kwenye mafiga, msimamizi wa mafunzo akamrudisha getini mbele ya kikosi kizima, "Kijana, Jumatatu helmeti iingie kichwani, la sivyo nafasi yako darajani nampa mwingine," na wale vifaranga wake wote wakapita mbele yake kuingia, wa mwisho akamgeukia, pole Injinia, pole hiyo iliuma kuliko maneno ya msimamizi, sasa leo ni Jumamosi, Jumatatu ni keshokutwa, hapo katikati ipo Jumapili, na tatizo lenyewe ni hiyo Jumapili, helmeti ni kisingizio tu, maana siku ile ya safari asubuhi Baba alimwambia, kichwa hiki asikiguse mtu mpaka urudi, sawa, naye akajibu, sawa, Baba, bila kufikiri, utasemaje zaidi na begi liko mlangoni... "Au nikuonyeshe picha?" kinyozi anasema, "ziko pale ukutani, chagua tu, mimi si mganga nikajua lililo kichwani mwako," mmoja wa wale wa kwenye benchi anacheka, Injinia naye anacheka, kucheka hakugharimu kitu, anasema, "Subiri kidogo, dada," na macho yanakwenda kwenye picha za ukutani, vijana kumi na wawili wamenyolewa namna kumi na mbili, wote wanatazama pembeni kama waliogombana na mpiga picha, hakuna hata mmoja anayefanana na mkono wa Baba, na kila Jumapili saa nne Baba yuko pale kwenye simu, simu anaishika dada yake kule nyumbani, maana ikishikwa na Baba nyumba nzima inatetemeka, ukuta, kalenda, dada mwenyewe, na neno la kwanza la Baba halijawa umekula, halijawa umelala vipi, ni, vua kofia, geuka nione, na Injinia anavua, anageuka, anampa baba yake kisogo, akupaye kisogo si mwenzako, ndivyo walivyosema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na mtoto ng'ambo, anakaa hivyo akitazama ukuta wa chumba chake cha hosteli, dada anauliza, umeona Baba, Baba anasema, mm, na ndipo mazungumzo yanapoanza.

Utamdanganya nani kwenye nywele, kinyozi wa miaka thelathini na nne kazini, kesho ataona kabla hata salamu haijaisha, atasema nani huyo, na Injinia atajibu nini, kwamba mikono ya watu imepita, yeye aliyebaki kichwa cha mwisho, kwa maana ndivyo ilivyokuwa, mkono wa kulia wa Baba ulianza kutikisika mwaka jana, kidogo kidogo, kwanza kikombe kikawa kinaongea kwenye kisahani, halafu mashine, na wateja wakaanza kuondoka kwa adabu zote, mmoja alifuga ndevu ghafla, mwingine akasema daktari kamkataza mashine, daktari gani huyo, mwalimu mstaafu aliyenyolewa pale tangu nywele zake zikiwa nyeusi akawa anapita ng'ambo ya barabara akitazama juu kama anayetafuta ndege, hakuna aliyesema neno, na Baba hakuuliza, alifagia sakafu isiyo na nywele, akapangusa kiti, akamwita, wewe, njoo, hata wiki haijaisha tangu amkate, na Injinia akawa anakwenda, anakaa, anainama, kwa sababu kilikuwa kichwa pekee kilichobaki, na kichwa kinachobaki hakina ruhusa ya kuondoka, kikaondoka, ndege ikaruka nacho, na sasa kimekaa kwenye kiti cha saluni ya watu, aibu inampanda, anaisikia masikioni, moto, ainuke, aseme samahani dada nimesahau kitu, avue kitambaa, aondoke, Jumatatu atafanyaje, azifunge kwa kamba, azilowanishe, azikate mwenyewe, kinyozi hajinyoi, na mtoto wa kinyozi je...

Kinyozi amechoka kusubiri, ameweka mashine chini, ameingiza vidole kwenye nywele kutoka nyuma, vidole vya kazi, vinapanda kisogo polepole, vinapima, Injinia anajikaza, vidole vinasimama mahali pamoja, juu kidogo ya shingo, upande wa kushoto, hapo hapo, Mungu wangu, hapo hapo, "Hapa mashine ilizama kidogo, eh?" anasema, si kwa kejeli, kama fundi anayesoma kazi ya fundi mwenzake, "hutokea, hata mimi hunitokea, lakini pamejaa, wala hapaonekani," na vidole vinaendelea na safari yao, vinakwenda utosini, lakini Injinia amebaki pale pale vilipokuwa, asubuhi ile ya safari, saa mbili nzima kichwa kimoja, mkono wa kushoto wa Baba umeushika wa kulia kwenye kifundo kama mtu anayemzuia ndugu yake asipigane, na ghafla nyuma pale mashine ikanguruma vibaya, ikazama, ikanyamaza, pumzi ya Baba kisogoni, kisha mashine ikawaka tena, kazi ikaendelea kama kwamba hakuna kitu, na ilipoisha, Baba hakuzungusha kiti... hakuzungusha kiti, alisema, inuka, utachelewa, akageuka kupangusa kichana kilichokwisha pangusika, Injinia akadhani ni machozi ya kuagana, akampa heshima ya kutomtazama, na siku ya tatu huku ugenini mwenzake akampiga picha kwa nyuma kwenye foleni ya usajili, Injinia akaliona pengo pichani, upana wa kidole gumba, akanunua kofia jioni ile ile, na Jumapili zote akawa anamwambia, umenikata vizuri mno, Baba, watu huku wanaulizia kinyozi wangu, akijiona mjanja, mwana mwema anayesitiri, na Baba alikuwa anasema mm, mm tu...

Mm ile, mjinga wewe, mm ile! Baba alijua, alijua tangu mashine ilipozama, kinyozi wa miaka thelathini na nne asijue, hakuwa anakagua kama kichwa kimeguswa na mtu, alikuwa anatazama kosa lake, kila Jumapili saa nne, vua kofia, geuka nione, anatazama limefikia wapi, kama mtu anayekwenda kutazama mgonjwa, na asikiguse mtu haikuwa wivu, haikuwa kung'ang'ania kichwa cha mwisho, ilikuwa kwamba kinyozi akikaa nyuma ya kichwa humsoma kinyozi aliyepita, na Baba hakutaka mtu wa mbali, fundi asiyemjua, amsome pale, katika kazi yake ya mwisho, amcheke mbele ya mwanawe... na mwanawe kila wiki anamwambia watu wanaulizia kinyozi wangu, yaani anamtonesha, kwa tabasamu kabisa, na Jumapili iliyopita, ngoja, Jumapili iliyopita Baba alitazama muda mrefu, dada akauliza, umeona, Baba akasema, pamejaa, neno hilo hilo la huyu dada wa saluni, pamejaa, kisha akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo, na akauliza kwa mara ya kwanza kama wazazi wote duniani, umekula, na baada ya umekula akauliza, juu juu tu, huko vinyozi wapo, na Injinia, hodari wa mji, mwenye hatua zake mia sita na kumi na mbili, akajibu kwa kifua, wapo, lakini mimi siwaendei, Baba, na Baba akasema, mm, ruhusa mtu kawekewa mkononi naye kairudisha na shukrani juu, wiki nzima kaibeba hatia isiyo yake, kajificha chini ya kofia, kakubali kurudishwa getini, kumbe yule mzee kafungua mlango tangu Jumapili, anasubiri tu apite... anacheka, hajui kama ni kicheko, macho yamelowa kidogo, kioo kinaonyesha kila kitu, hii ndiyo taabu ya kioo, na Baba alikuwa na haki kukipa mgongo.

Lakini leo si taabu, leo kioo ni mali, maana kwa Baba hakuwahi kuona kazi ikifanyika, leo ataiona yote, mwanzo mpaka mwisho, mkono umeshikwa vipi, kichana kimetangulia wapi, mashine imepanda au imeshuka, na kesho saa nne kabla Baba hajasema vua kofia yeye atakuwa kashavua, kashageuka, atasema, Baba, nimenyolewa, nieleze kosa liko wapi, na Baba atamwambia dada sogeza simu, sogeza, na maneno yatatoka, yatatoka mengi, huyu kaanza na pembeni, nani alimfundisha kuanza na pembeni, mwambie hivi, mwambie vile, mkono unaweza kutikisika utakavyo lakini jicho halitikisiki, jicho lile halijawahi kukosa unywele mmoja, na kila mwezi itakuwa hivyo, kichwa kitakuwa huku na mwenye kichwa kule, naye atakuwa na kazi, na hata swali hili, nikate vipi, sasa halimtishi, hajawahi kuuona mtindo wake lakini ngozi ya kichwa inaukumbuka, akifumba macho anaisikia njia yote, Baba huanza nyuma, hupanda mpaka nyuma ya sikio la kushoto, husimama, hupuliza shingoni, pumzi yenye harufu ya chai, kisha la kulia, utosi mwisho kabisa na kidogo tu, anaijua njia hii kuliko basi namba nane... "Basi, kaka?" kinyozi ameokota mashine tena, bado hajaiwasha, miwani imeshuka puani sasa, kwenye benchi mtu amepiga miayo, kitambaa kiko pale pale shingoni, "nimekuuliza mara tatu, nikate vipi?" na Injinia anafumbua macho, anajiweka sawa kitini kama mwenye kiti, "Anzia nyuma, dada," anasema, "hapo hapo palipojaa, kisha uje sikio la kushoto, utosi mwisho, na uende polepole nikuone, maana kesho kuna mtu nitamsimulia yote, na ana maneno huyo," kinyozi anamtazama kupitia kioo, nyusi juu, "Nani tena huyo?" na Injinia anainamisha kichwa mbele, kama alivyofundishwa.

"Kinyozi wangu."