Kilima Kisicho na Mteremko

Jumapili baada ya kanisa, Caren Apiyo alitandaza ramani juu ya meza ya chakula, akaibana kwa sufuria ya wali upande mmoja na chupa ya mafuta upande wa pili, akaanza kupima njia kwa uzi wa kushonea. Alianzia Riat, kwenye lami laini iliyo mbele ya nyumba yake ya kupanga. Akateremka hadi Kisian, akapita Holo na Kombewa, akafuata Ndori na Bondo mpaka Usenge wanakoanika omena, dagaa wa ziwani, kisha akarudi kwa njia ya Siaya, Luanda na Maseno. Uzi ulitosha. Mwenye mapafu mazuri angeumaliza mzunguko huo kwa siku nzima, na asiye nayo ungemmaliza yeye.

Klabu ya baiskeli ya Riat ni ya watu wanaonunua kwa bei kali taabu ambayo wauza maziwa wa Maseno huipata bure kila alfajiri. Mwaka huo mwenyekiti wao, Enos Wakhungu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, alimwagiza Caren awatafutie mzunguko wa kuwatoa watu jeuri, kwa kuwa yeye ni mwalimu wa jiografia. Alitaka hasa kilima kimoja kisicho na huruma.

Caren alikuwa nacho. Alikichora kwa penseli karibu na Kombewa, mahali ambapo ramani ilionyesha tambarare tupu. Kiliitwa Got Otenga, na yeye alizaliwa juu yake.

Kampuni moja ya kokoto ilikuwa imekichimba mpaka kikaisha. Ilianza na baruti ubavuni, ikaleta tingatinga, na siku moja kilele kikaondoka na kaburi la baba yake Caren ndani yake. Kilisagwa, kikapakiwa kwenye malori, kikaenda kutandikwa chini ya lami ya mitaa mipya ya Kisumu, ukiwemo ule wa Riat. Caren alilijua hilo alipohamia pale. Asubuhi akitoka na baiskeli alimwamkia baba yake kwanza, ndipo akapanda.

Kule nyuma ulibaki uwanja ulio sawa, na barabara ya malori ikiukata katikati. Kupanda ndiko hakukuondoka. Mtu akifika pale kilima kilipoanzia, mapaja huwa mazito na pumzi hukatika. Wanawake wanaotoka kisimani huinama mbele, huenda hatua fupi fupi, na hutua ndoo kupumzika pale palipokuwa na mwamba, ingawa chini ni sawa kama sakafu. Madereva wa kampuni wenyewe huingiza gia nzito na kukanyaga mafuta. Kivuli cha miti, upepo wa kileleni na kuliona ziwa mpaka ng'ambo, hivyo vilikwenda na malori. Mteremko nao ulikwenda. Ukitokea mashariki unapanda, ukitokea magharibi unapanda. Wenyeji walishazoea, wakawa wanatoka nyumbani mapema.

Mama yake Caren, Mama Aoko, aliishi pale chini katika nyumba ndogo aliyojengewa baada ya ile ya juu kuchukuliwa. Sasa kampuni ilikitaka na kiwanja hicho, maana chini ya sakafu yake kulikuwa na mwamba mzuri. Mama Aoko alikwenda kortini kushtaki kwamba kampuni ilichukua kilima bila ruhusa yake. Akishinda, tingatinga zingesimamishwa na nyumba ingebaki. Kampuni ilijibu kwamba hapakuwahi kuwa na kilima. Ilileta ramani mpya, na kuhusu ile ya zamani ilisema kwamba aliyeichora alikuwa anaugua malaria. Hakimu akataka mashahidi wasio wa ukoo.

Hapo ndipo Caren alipoifikiria klabu. Hawa walikuwa watu wa mjini, wasiomjua mama yake, na kila mmoja alikuwa na kifaa cha kupima mwinuko kwenye usukani wake. Hakuwaambia lolote. Alimpigia mama yake simu tu, akamweleza kwamba Jumamosi wageni wangepita.

"Waje," alisema Mama Aoko. "Nitawawekea maji. Hapa panatoa mtu roho."

Siku hiyo walitoka Riat na umande. Mpaka Holo walikuwa bado wanataniana, na Terry, ambaye ni muuguzi, alikuwa anaimba nyimbo za kwaya. Baada ya Kombewa Caren aliwaingiza kwenye barabara ya malori. Ilikuwa imenyooka mbele yao, pana na tupu. Wakhungu, aliyekuwa anaongoza, akapunguza gia. Akapunguza tena, na tena, mpaka gia zikaisha. Nyuma yake baiskeli za bei kali zilianza kuyumba. Wengine walishuka wakazisukuma, vifua vimeinamia usukani, kwenye ardhi ambapo yai lingewekwa lisibingirike. Mmoja alitapika kando ya njia. Hakuna aliyeuliza kitu, kwani anayepanda kilima hana pumzi ya maswali.

Mama Aoko alikuwa amesimama na karai la maji na vikombe. Terry alikunywa, akatazama mbele.

"Sasa si tushuke?" aliuliza. "Kushuka iko wapi?"

"Walibeba," alisema Mama Aoko.

Terry alitikisa kichwa, akajaza chupa yake, akaendelea.

Usenge, walipokuwa wanakula samaki, vifaa vyote vilionyesha kilima kile kile. Wakhungu alikuwa mweupe kwa chumvi ya jasho na mwenye furaha kuu. "Mwalimu, hiyo kilima ni noma," alisema. "Hiyo tuweke kila mwaka." Hapo Caren akawaeleza habari ya baba yake, ya mama yake na ya kesi, akawaomba waje kutoa ushahidi. Wakhungu aliacha kula. Kokoto ya kampuni ile alikuwa anaiuza dukani kwake, na alikiri kwamba ni kokoto nzuri, inashika saruji vizuri sana. Baada ya kunawa mikono alisema atakuja, na wote wakasema watakuja. Hawakuwa watu wabaya.

Walikuja kweli, wamevaa jezi za klabu. Wakhungu aliapa, akaeleza jinsi gia zilivyomwishia. Terry alieleza mapigo ya moyo. Wakili wa Mama Aoko, Bi. Nekoye, aliviweka mezani vifaa vyao vyote vya kupimia. Caren aliketi nyuma akiwa ameshika mkono wa mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu baruti zianze alijiachia akaamini.

Wakili wa kampuni alisimama akasema kwamba wateja wake wameridhika na ushahidi huo. Kilima kipo, na kampuni inafurahi kwamba kipo.

Hakimu alivua miwani. "Mama, mashahidi wako ni waaminifu," alisema kwa upole. "Wamekipanda juzi tu. Sasa kama kilima bado kipo, hawa walichukua nini?"

Bi. Nekoye alitaja kaburi, kivuli na mteremko. Hakimu alisema kwamba mteremko hauna mwenyewe, na kwamba kaburi, kwa maelezo ya mlalamikaji mwenyewe, lilikuwa juu ya kilima, na kilima kipo. Kuhusu kiwanja, hakuona sababu ya kuizuia kampuni ambayo inachimba na kinachochimbwa kinabaki. Caren aliumia kuliko siku kaburi lilipoondoka. Siku ile hakuwa na mkono wake ndani.

Tingatinga zilikuja wiki hiyo hiyo. Ziliondoa nyumba, jiko na kibanda cha kuku, zikaacha shimo pana lenye sakafu ya mawe. Caren alifika kumchukua mama yake waende naye mjini. Mama Aoko alisema kwamba mjane haachi boma la mumewe, na tena nyumba ipo. Ilikuwapo, kama kilima. Caren alijikwaa kwenye kizingiti akaumia kidole. Moshi wa jikoni uliwatoa machozi. Mama Aoko alishika ufagio akafagia vyumba vyote viwili, na kazi ilikuwa ile ile ya kila siku, mpaka kiuno kikamuuma.

Wakhungu alipiga simu. Alisema amesikitika sana. Alisema pia kwamba kampuni imejitolea kuwanunulia jezi za mwaka ujao, na akauliza kama mama anaweza kuweka maji tena. Caren alimuuliza mama yake, na mama akasema ataweka.

Jioni wingu lilipanda kutoka ziwani. Mama Aoko alianua nguo, akaita kuku ambao hawakuja, akainama mlangoni akaingia. Alimngoja Caren apite, akasukuma komeo, akakiburuta kiti chake karibu na ukuta ambapo hapakuwa pakivuja. Wakaketi wote wawili, na mvua ikawanyeshea.